Chumba Nilichokichora Bila Kuingia

Nyie mnaonijia hapa Madale na kompyuta mgongoni mkitaka niwafundishe siri za kazi, nimechoka kuwarudia mmoja mmoja. Shikamoo mzee, marahaba, chai, halafu swali ni lile lile: mzee, programu gani nzuri? Programu zote nzuri. Na zote zitakuchorea uongo ukiziambia zichore uongo. Leo naandika mara moja, msome, mniache nipalilie migomba yangu.

Kwa yule ambaye bado anafikiri sie tunapiga picha: hatupigi picha. Mtu ana jengo la zamani, michoro yake imeliwa na mchwa au haikuwahi kuwepo, naye anataka kulikarabati au kulipandisha ghorofa. Tunakwenda na skana ya leza, chombo kinachokaa juu ya miguu mitatu, kinazunguka na kurusha miali kila upande. Mwali ukigonga kitu, chombo kinaweka nukta. Unarudi ofisini na nukta mamilioni, ukizifungua kwenye kompyuta unaona jengo zima kama limejengwa kwa vumbi. Hapo sasa mtu anakaa kitini siku kadhaa akigeuza lile vumbi kuwa modeli: huu ukuta, huu mlango, hii nguzo. Huyo mtu wa kitini nilikuwa mie.

Sasa shikeni hili. Skana haijui ukuta, inajua imegonga kitu. Anayesema huu ni ukuta ni wewe. Na mie niliwahi kusema kuna ukuta mahali ambapo hapakuwa na ukuta, kwenye nyumba moja Temeke, na kidogo tumwangushie mjane zege kichwani. Nitafika huko. Nianze na mtu aliyenifundisha, maana angekuwa hai siku ile angenizaba kibao.

Alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo mfupi, mkali, penseli haimtoki sikioni. Enzi zake hakuna leza. Ni tepu, timazi na daftari la karatasi za miraba. Alinipokea nimetoka Njombe na cheti changu, akanipeleka kwenye nyumba ya vyumba vinne, akaniambia nipime. Nikapima kila chumba pande zote nne, nikamletea daftari natabasamu. Akauliza, "Mshazari uko wapi?" Nikamwangalia tu. "Kona hadi kona, halafu kona hadi kona ile nyingine. Mishazari isipolingana, chumba kimepinda. Rudi." Nikarudi. Vyote vinne vimepinda. Mpaka leo, hata kwa skana, mkitaka kujua kama modeli yenu ni ya kweli au ya kunyoosha tu, pimeni mishazari. Vyumba vya Dar vikikutokea vyote pembe mraba, ujue umedanganya.

Ila Mzee Pazi alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniudhi. Tukifika kwenye nyumba ya watu, mie nanyoosha tepu juani, yeye anakaa kibarazani na mama mwenye nyumba, anapewa kahawa, wanapiga soga. Maji huingia wapi? Mlango upi hukwama masika? Mzee wako aliongeza nini, alibomoa nini? Saa nzima! Nilikuwaga namwona mvivu, na siku moja jua limenikaanga nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Akasema, "We mtu wa Njombe, nyumba anaijua anayeifagia. Wewe unaipima tu."

Skana ilipoingia ofisini kwetu Kinondoni, Mzee Pazi ameshafariki, na mie nikafurahi kuliko wote. Nikasema alhamdulillahi, ingawa mie Mkristo, soga za kibarazani zimekwisha. Chombo kinaona kila kitu.

Kinaona hata visivyokuwepo. Kazi yangu ya pili au ya tatu ilikuwa jengo la fremu za maduka Buguruni, na fremu moja ilikuwa saluni ya kina mama, vioo ukuta mzima. Hakuna aliyeniambia kwamba mwali wa leza ukigonga kioo hausimami pale. Unaruka, unagonga kitu kingine, na chombo kinaandika nukta kana kwamba kile kitu kiko nyuma ya kioo. Nikaona kwenye kompyuta chumba kizuri kikubwa nyuma ya saluni, kina viti, kina mashine za kukaushia nywele. Nikakichora. Nikaweka na mlango, maana chumba bila mlango nilikiona kichekesho. Siku ya kumwonyesha mwenye jengo, mzee wa Kichaga asiye na masihara, akaangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mie. "Kijana, hiki chumba cha nyuma nimpangishie nani? Nyuma ya saluni ni choo cha jirani." Mie kijana wakati huo nina wajukuu.

Ofisini wakanipa jina, Baba Mizimu. Hata barua za kikazi nilikuwa napelekewa mezani kwa jina hilo. Basi nikaapa. Tangu siku ile sikuingia kwenye jengo bila khanga mbili kwenye mkoba, na nyie fanyeni hivyo hivyo: kila kioo, kila kabati linalong'aa, kila tenki la samaki, funika kwanza ndipo upige. Na nikirudi ofisini, nukta yoyote niliyoikuta nyuma ya ukuta niliiita mzimu, nikaifuta. Nikawa hodari wa kufuta kuliko wa kuchora.

Sasa Temeke.

Ilikuwa familia ya Kiarabu, wenye duka la vitambaa tangu kwa babu yao. Baba yao alikuwa amefariki hawajamaliza hata miezi miwili. Nyumba yenyewe ya Kiswahili, korido katikati, vyumba kushoto na kulia, duka mbele, ila juu badala ya bati ilikuwa na slebu ya zege, na nondo zimechomoza zinasubiri ghorofa. Mnazijua, mji huu umejaa nondo zinazosubiri. Marehemu alimwaga ile slebu ujana wake akiapa atapandisha, na hakupandisha. Wanawe wakaona wamtimizie. Wakamtafuta injinia, Komba, naye akatutafuta sie tumpe modeli ya nyumba ilivyo, ili ajue ghorofa litakaa juu ya nini.

Mtoto mkubwa, Nassor, alitupokea vizuri mno, kashata na kahawa. "Mzee Mlowe, kila mahali karibuni," akaniambia, "ila vile vyumba viwili vya kulia mwisho msiingie. Vya mama. Yuko eda."

"Hamna shida," nikamjibu.

Nilijua eda kwa juu juu, kama mtu wa bara anavyojua: mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi, na wanaume wasio wa kwao hawaingii alipo. Nikaheshimu. Nikapiga skana nyumba nzima, juu kwenye slebu nikapiga, na korido nikapiga mara tatu. Vile vyumba viwili vilikuwa na milango yake miwili, mmoja umefungwa, mwingine una pazia la buluu likipeperushwa na feni ya koridoni. Nikafunga vifaa, nikaaga, nikaondoka.

Ofisini nikakuta shimo jeusi. Mahali ambapo mwali haukufika, kompyuta haina cha kukuonyesha. Lakini ng'ambo ya korido, upande wa kushoto, kulikuwa na vyumba viwili nilivyovipima vizuri, vina ukuta wa tofali katikati. Nyumba ya Kiswahili pande zake ni kulwa na doto. Nikachukua vya kushoto, nikavigeuza, nikavibandika kulia. Shimo likazibika. Ilipendeza kweli.

Kulikuwa na jambo dogo. Pazia lilipokuwa linapepea, miali michache ilipenya pembeni yake, ikaenda kugonga kitu mbali ndani, ng'ambo ya pale nilipoweka ukuta. Kishada kidogo cha nukta, kama kiganja. Nikacheka peke yangu. Nikasema kabati la kioo hilo, mizimu, safari hii hamnipati. Nikafuta. Slebu nayo nikaona katikati imebonyea kidogo, kama sentimita tatu, na programu inapenda bapa, nikainyoosha.

Msinitafutie udhuru. Ningeweza kumpa Nassor tepu, ni mama yake wa kumzaa, angeingia na kutoka kwa dakika tano. Ningeweza kumsubiri Zuhura, mwenzangu wa meza ya pili, arudi kutoka likizo ya uzazi, yeye mwanamke angeingia bila neno. Ningeweza kusimama nje ya pazia na kuuliza. Sikufanya hata moja, kwa sababu nilijiona najua.

Tukaipeleka modeli kwa familia. Nassor na wadogo zake wakaigeuza kwenye kompyuta, wakaona duka lao, kibaraza chao, mpaka kamba ya kuanikia. "Mashallah, Mzee!" Nikavimba kichwa. Injinia Komba akachukua modeli ile ile, akapanga kuta za ghorofa juu ya kuta za chini kama inavyotakiwa, na ukuta wake mmoja mzito akauweka juu ya ule wangu.

Miezi ikasonga kidogo. Zuhura akarudi kazini. Ni binti wa Mbagala, Mwislamu, na mkinibana niseme kweli, anachora modeli kuliko mie. Siku hiyo asubuhi nilikuwa na furaha zangu, nikamwita nimwonyeshe ujuzi. Mafaili ya awali huwa hatuyafuti, tunafuta kwenye nakala tu. Nikalifungua lile la Temeke.

"Njoo uone mzimu wa kioo," nikamwambia. "Mwingine angeuchora. Mie niliunusa tu, nikaufuta."

Akainama, akaangalia kile kishada cha nukta. "Hii si ile nyumba yenye eda?"

"Hiyo hiyo."

"Na hiki ndicho chumba cha mjane?"

"Ndicho."

"Sasa Mzee, kioo gani?" Zuhura akavuta kiti akakaa. "Sie kwetu nyumba ya eda vioo vinafunikwa. Bibi yangu alipofiwa, tulifunika mpaka kile cha bafuni. Si dini, ni mila tu, lakini watu wa pwani wengi wanafanya."

"Labda wao hawafuniki."

"Labda. Uliwauliza?"

Sikuwauliza. Nikafungua slebu ilivyokuwa kabla sijainyoosha. Ile sehemu iliyobonyea zaidi ya zote ilikuwa juu kabisa ya ukuta wangu. Slebu haibonyei juu ya ukuta, jamani. Hubonyea pale ambapo chini yake hakuna kitu. Zuhura akanisogezea simu.

Nassor akapokea upesi, na nyuma yake nikasikia mafundi wakipokezana, "Haya, shika! Shika!"

"Nassor, mafundi wanafanya nini?"

"Wanapandisha tofali, Mzee. Mungu akipenda kesho tunaanza kujenga."

"Wanazipanga wapi?"

"Huku nyuma, upande wa mama. Ndiko kuna nafasi."

"Kati ya vile vyumba viwili vya mama kuna ukuta?"

"Ukuta? Hakuna. Baba aliuvunja zamani sana, ni chumba kimoja kikubwa." Akacheka kidogo. "Si nyie ndio mmetuchorea mpya? Nilidhani ndiyo ramani ya injinia."

Mnaona tulivyopotezana? Mwenye nyumba aliuona ukuta kwenye modeli, akadhani utajengwa. Injinia aliuona, akadhani upo. Na aliyeuweka alikuwa ofisini anamringia Zuhura.

"Wasimamishe mafundi," nikamwambia. "Na mama mtoe humo chumbani sasa hivi."

"Mzee, mama yuko eda! Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Mvushe korido tu, chumba cha kushoto! Nassor, sikutanii, yuko chini ya tofali!"

Simu ikakatika. Sikumbuki tulipita njia gani kwenda Temeke. Nakumbuka Zuhura ndiye aliyempigia Injinia Komba njiani, maana mie nilikuwa nimeona haya.

Tulipofika, mafundi wamekaa ukutani nje, Nassor amesimama mlangoni, kashata hakuna. Mama ameshavuka, yuko chumba cha kushoto nyuma ya pazia. Injinia Komba akaja nyuma yetu, akaingia chumba cha kulia pamoja na Zuhura na tepu. Mie sikuingia. Chumba kilikuwa wazi, mwenyewe hayumo, hakuna wa kunizuia, ila uso wa kuingilia sikuwa nao. Nikabaki koridoni pale pale nilipokuwa nimesimamisha skana.

Nikaona nisiponena siku ile sitanena tena. Nikasogea pazia la kushoto. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, ni mie Mlowe, niliyekuja kupima. Nilichora chumba chako bila kukijua. Niliweka ukuta ambao haupo. Kosa ni langu, si la injinia wala la mwanao. Nisamehe."

Sauti ikaja, ya taratibu, wala haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Bi Thuwaiba, ndilo jina lake, akasema, "Baba, siku ile mmekuja na mtambo wenu nilikuwa nawasikia hapo koridoni. Mlikaa saa nzima. Mlango wangu ni pazia, si chuma. Ungeuliza, ningekujibu. Nani kakwambia eda ni ububu?"

Nikasema tu, "Kweli mama."

"Marehemu aliuvunja nilipokuwa nashonea watu nguo za harusi, nipate nafasi ya meza," akaendelea. "Nilimwambia, huo ukuta unabeba. Akasema atatia chuma. Akatia kipande cha reli. Kila masika maji yanatuama hapo juu, nasikia yakidondoka kwenye ndoo. Nafagia humo miaka thelathini, mimi nisijue?"

Komba akatoka ndani anajifuta jasho. Ile reli ilikuwa imepinda katikati, akasema, na zege limepasuka kando yake. "Tofali zote chini. Kwa mkono, moja moja, na asisimame mtu katikati." Mafundi wakashusha taratibu, wengine wakaleta mirunda kusimamisha chini ya slebu. Kazi hiyo ilichukua mpaka alasiri, na mie nilibeba tofali kama kibarua yeyote. Kiuno kilinikumbusha wiki mbili.

Komba hakunigombeza. Alinijia wakati nimekaa kwenye ndoo, akaniambia, "Mlowe, ungeniachia shimo, ningekuja mwenyewe kuangalia. Wewe uliniziba macho." Nyie mnaopenda modeli iliyokamilika, lichukueni hilo. Tangu siku ile ofisini kwetu, pasipofikiwa na mwali panaachwa wazi, panatiwa rangi nyekundu, panaandikwa HATUKUINGIA, kwa herufi ambazo hata mteja asiye na miwani atazisoma. Modeli inakuwa na viraka, inakuwa mbaya. Muache iwe mbaya. Na nukta usiyoielewa, usiifute mpaka umepata mtu wa nyumba ile akwambie ni nini.

Reli ikatolewa, ikawekwa boriti ya zege na nguzo mbili pembeni. Ghorofa likachelewa, Nassor akaninunia muda mrefu, na alikuwa na haki. Eda ikaisha. Siku moja Zuhura akapigiwa simu: mama anatualika chakula cha mchana, na yule mzee wa mtambo aje.

Nikaenda nimevaa shati la kanisani. Bi Thuwaiba ni mama mfupi, mnene kidogo, amepaka hina, na kumwona uso baada ya kumsikia nyuma ya pazia nikaona aibu upya. Alinishika mkono mpaka koridoni, akalivuta lile pazia la buluu mwenyewe. "Leo ingia, baba. Pima uridhike."

Nikaingia. Chumba kikubwa, kina mwanga. Kule mwisho kuna cherehani, na kabati la kioo, kioo chake sasa kiko wazi. Kishada changu cha nukta kilikuwa cherehani. Katikati kuna kitanda cha mbao cha zamani, kizito, ambacho wanawe walikuwa wamekirudisha pale pale kilipokuwaga.

"Na huo ukuta wako ulikuwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka dirishani hadi koridoni. Mkono ulipita juu ya kitanda, katikati, ukakigawa mara mbili.

Bi Thuwaiba akaufuata mkono wangu kwa macho, akatazama kitanda chake, akanitazama mie. "Kwa hiyo mie nilikuwa nalala upande gani?"

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Mie nikatoa tepu mfukoni, nikampa mama ashike upande mmoja pale konani, nikaanza na mshazari.